Kusimulia Siku Yako na Usafiri Wako kwa Kiingereza: Kutoka Kigamboni Hadi Magomeni

Mtu aliyemaliza kidato cha nne analijua neno "bus", analijua "morning" na analijua "work". Mwambie akueleze kwa Kiingereza anavyofika kazini kila siku, anakwama kabla hajatoka nyumbani. Maneno anayo. Kinachomkwamisha ni kwamba Kiswahili kina namna yake ya kuhesabu saa, ya kupanda na kushuka, na ya kutaja jambo la kila siku, na tunapohamia Kiingereza tunaibeba namna hiyo nzimanzima.

Mwongozo huu unapita kwenye sehemu hizo zinazokwamisha, kwa kufuata safari moja. Mtu anakaa Kigamboni, Dar es Salaam. Asubuhi anachukua bodaboda hadi Feri, anavuka kwa pantoni, anapanda basi la mwendokasi pale Kivukoni na kushuka Magomeni Mapipa, kisha anamalizia kwa miguu. Nimeichagua kwa sababu ina vyombo vitatu tofauti na foleni mbili za aina mbili. Wewe weka vituo vyako. Wa Nairobi aweke matatu yake.

Hatua ya 1: Andika siku yako kwa Kiswahili, vitenzi tu

Usianze na Kiingereza. Chukua karatasi uandike: naamka, naswali, naoga, nawaandaa watoto, nakunywa chai, natoka, napanda boda, navuka, napanda mwendokasi, nashuka, natembea, nafika, nakula mchana, natoka kazini, narudi, napika, nalala. Hiyo ndiyo siku yako. Sasa kitafutie kila kitenzi mwenzake. Vingi havina shida: "I pray", "I cook", "I walk". Vinavyoleta shida ni hivi.

"Naamka" ina pande mbili kwa Kiingereza. "Wake up" ni macho kufunguka. "Get up" ni kutoka kitandani. "I wake up at five, but I get up at half past five." Kila mwenye alamu kwenye simu anaijua nusu saa hiyo ya katikati.

"Nalala saa nne" usiseme "I sleep at ten". Sema "I go to bed at ten". "Sleep" ni ule usingizi wenyewe: "I sleep for six hours."

"Nakunywa chai" asubuhi ni "I have breakfast", kwa sababu chai yetu ina chapati au maandazi ndani yake hata kama hatuyataji. Ukisema "I take tea", jirani wa Nairobi atakuelewa. Mtu wa Marekani atadhani umeshinda na kikombe kimoja.

"Napiga mswaki" ni "I brush my teeth", na "nanawa uso" ni "I wash my face". Hilo "my" Kiswahili hakilihitaji, maana huwezi kunawa uso wa jirani, ila Kiingereza kinalidai. "Navaa" ni "I get dressed". "Wear" ni hali ya kuwa umevaa: "I wear a uniform at work." Kupiga pasi ni "iron", kufua ni "wash clothes" au "do the laundry", kuosha vyombo ni "wash the dishes", kupiga deki ni "mop the floor". "Nawaandaa watoto" ni "I get the children ready for school".

"Natoka nyumbani" ni "I leave home" au "I leave the house". Hapa simama kidogo, kwa sababu matamshi ya neno hili yanapoteza watu wengi. Kiswahili kina "i" moja tu. Kiingereza kina mbili: ya "leave" ni ndefu, unaivuta na midomo inatanuka, ya "live" ni fupi na legevu. Jaribu kwa sauti: "I live in Kigamboni. I leave at six." Ukizitamka sawasawa, msikilizaji atasikia kwamba unakaa saa kumi na mbili. Jozi nyingine ni "walk" na "work". "Walk" itamke "wook", ile "l" haisikiki kabisa. "Work" haina "o" ya Kiswahili. Mdomo unabaki nusu wazi na ulimi katikati. "I walk to work" ni sentensi ya maneno manne inayofaa kurudiwa mpaka ikae.

Neno la mwisho hapa ni "home". Halipokei "to" baada ya "go", "get" au "come": "I go home", "I get home at seven". Lakini "I go to work", "I go to school", "I go to town", "I go to the market". Kanisani ni "I go to church", bila "the", ila msikitini kwa kawaida ni "I go to the mosque". Usitafute sababu, shika tu.

Hatua ya 2: Geuza saa

Hapa ndipo watu wanapochelewa usaili na mabasi. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linachomoza karibu saa ileile mwaka mzima. Kiingereza kinaanza kuhesabu saa sita usiku. Tofauti ni saa sita, wala huna haja ya kujumlisha kichwani: tazama saa ya mshale, soma namba iliyo upande wa pili. Moja inatazamana na saba, mbili na nane, tatu na tisa, nne na kumi, tano na kumi na moja, sita na kumi na mbili. Kwa hiyo saa moja asubuhi ni "seven in the morning", na saa kumi jioni ni "four in the afternoon".

Nusu na robo zinakwenda kama zetu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ni "half past five in the morning". Saa mbili kasorobo ni "a quarter to eight". Saa moja na dakika kumi ni "ten past seven".

Penye mtego ni usiku. Saa nane usiku kwa Kiingereza ni "two in the morning", si "two at night", kwa sababu ikishapita saa sita usiku kwao ni asubuhi na tarehe imeshabadilika. Tukisema "Jumapili saa nane usiku", wengi wetu tunamaanisha usiku unaofuata mchana wa Jumapili. Kwa Kiingereza hiyo ni "Monday at two in the morning". Mwambie mwenyeji wako kwamba ndege yako inatua "Sunday at two in the morning" na atakwenda uwanjani siku moja kabla.

Jambo jingine la stendi. Wapo wakala wa tiketi wanaotaja saa ya Kiswahili kwa namba za Kiingereza. Anakuambia "eleven", kumbe anamaanisha saa kumi na moja alfajiri, ambayo ni "five". Ukitajiwa saa kwa Kiingereza na mtu wa kwetu, uliza pale pale: "Eleven in the morning, or five in the morning?" Kwenye tiketi iliyochapwa, 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi.

Vibebeo vya wakati ni vichache: "at six", "in the morning", "in the afternoon", "in the evening", lakini "at night". Siku za juma zinachukua "on": "on Monday".

Hatua ya 3: Pima kwa "-ga"

Wakazi wa Dar es Salaam husema "mimi naamkaga saa kumi na moja". Walimu wa Kiswahili sanifu hawaipendi hiyo "-ga". Wao wanataka "huamka". Mimi darasani naikaribisha kwa moyo mmoja, kwa sababu hakuna kipimo kizuri kama hicho cha kuchagua wakati wa Kiingereza.

Shida yetu inatokana na "-na-". "Napanda mwendokasi" inaweza kuwa jambo la kila siku, na inaweza kuwa sasa hivi, mguu uko mlangoni. Kiingereza kinazitenga. Kwa hiyo chukua sentensi yako uiwekee "-ga" au "hu-". Ikikubali, tumia kitenzi kitupu: "I take the ferry every morning." Ikikataa, kwa kuwa unazungumzia dakika hii, tumia "am" na "-ing": "I'm getting on the ferry. I'll call you back." Sentensi kama "I am waking up at five every day" imezaliwa na "ninaamka", na ndiyo inayosikika sana kwenye usaili.

Kuna njia ya katikati inayofaa kuijua. Pikipiki yako iko gereji, wiki hii unapanda daladala. Si mazoea, ni ya muda tu: "I'm taking the daladala this week because my motorbike is at the garage."

Ukimzungumzia mtu mwingine, usisahau "-s". Kiswahili kinaweka alama ya mtu mbele ya kitenzi, "a-napanda", Kiingereza kinaificha mkiani: "My sister takes the ferry." Ukikanusha au kuuliza, "-s" inahamia kwenye "does" na kitenzi kinabaki kitupu: "She doesn't take the ferry." "Does she take the ferry?" Usiiweke mara mbili.

Maneno ya "mara kwa mara" yanakaa kabla ya kitenzi: "I always leave early", "I usually take a bodaboda", "I sometimes walk", "I never take a taxi". Yanakaa baada ya "am" na "is": "The ferry is often full." Na kwa kuwa "never" yenyewe ni kukanusha, haikubali "don't" jirani yake. Sisi tunasema "sipandi kamwe" kwa kukanusha mara mbili bila tabu. Kiingereza kinasema mara moja tu.

Mwisho wa hatua hii ni "used to", yaani "nilikuwa napanda, siku hizi sipandi". Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, kwa hiyo watu wengi wana sentensi hii tayari: "I used to go to Dodoma by bus. Now I take the train." Wasichokijua ni kwamba "I use to take the bus" kwa maana ya mazoea ya sasa haipo. Ya sasa ni "I usually take the bus".

Hatua ya 4: Kupanda na kushuka

Kiswahili kina "panda" moja kwa mwembe, basi, pikipiki, ndege na hata bei. Kiingereza hakiko hivyo. "Climb" ni ya mwembe; ukisema "I climb the bus", msikilizaji atakuona juu ya keria na mizigo. "Enter the bus" inaeleweka ila ina harufu ya tangazo la polisi. Kwa kila siku yanatosha maneno mawili, "get on" na "get in", na kinyume chake "get off" na "get out of".

Kuchagua kati ya "on" na "in", jiulize: humo ndani naweza kusimama na kutembea? Basi, treni, pantoni, ndege: "get on, get off". Chombo unachoinama kuingia na ukishaingia unakaa tu, kama teksi, gari dogo au bajaji: "get in, get out of". Chombo unachokaa juu yake kwa kutanua miguu, kama baiskeli na bodaboda, kinarudi kwenye "on". Daladala ndogo zile za kuinama zinavunja kanuni, kwa sababu zikishakuwa na njia, vituo na konda zinahesabiwa kuwa mabasi: "I'm on the daladala."

Kwa hiyo mtu wetu wa Kigamboni anasema: "I get on a bodaboda near my house. I get off at the ferry. I get on the ferry and cross to the city. Then I get on the rapid bus at Kivukoni and get off at Magomeni Mapipa." Ni sahihi, ila inachosha masikio. Ukitaja safari kwa jumla tumia "take": "I take a bodaboda to the ferry." Weka "get on" na "get off" pale tu unapotaka kutaja mahali penyewe pa kupandia au kushukia.

Kushuka nako kuna vichekesho vyake. Sisi tunasema "nimeshuka Mapipa", halafu kwa Kiingereza tunasema "I dropped at Mapipa", ambayo ni kudondoka. "Drop" inafaa pale mtu anapokushusha: "The bodaboda drops me off at the ferry." Ukitaka konda akushushe, sema "Could you drop me off here, please?" au "Could you let me off here, please?" "Alight" ni neno sahihi la mabango na matangazo. Lisome, lielewe, wala usilazimike kulitumia, hasa kwa kuwa wengine hulichanganya na "highlight", ambayo ni kupaka maandishi rangi.

Sasa kwa kusema umetumia usafiri gani. "Nimekuja na daladala" kwa Kiswahili ni safi. "I came with a daladala" ni kwamba mmeongozana, wewe na daladala, kama wageni wa harusi. Sema "I came by daladala": "by", halafu chombo, bila "a" wala "the". "By bus, by train, by ferry, by motorbike." Miguu inachukua "on": "on foot". Na hiyo "on foot" iache ipumzike, sema "I walk".

Majina ya vyombo vyetu usiyaogope wala usiyatupe. Mwambie mgeni jina, kisha mweleze kwa maneno machache. Daladala ni "a minibus", bodaboda ni "a motorcycle taxi", bajaji ni "a three-wheeled taxi". Mwendokasi, ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni "a bus with its own lane". Hiyo "its own lane" ndiyo maelezo yote anayoyahitaji. Akishaona magari mengine yamesimama kwenye foleni ataelewa mwenyewe.

Maneno yaliyobaki ya safari yataje haraka: nauli ni "fare", na swali ni "How much is the fare to Magomeni?" Kituo ni "bus stop", stendi kubwa ni "bus station" au "bus terminal". Mkenya anayesema "stage" ajue kwamba mgeni atafikiria jukwaa la muziki. Kuunganisha gari ni "change": "I change at Kivukoni." Chenji nayo ni "change": "Can I have my change, please?" Hizi mbili hazigombani kwa sababu moja inataja mahali na nyingine inanyoosha mkono.

Lifti ya bure Uingereza ni "a lift", Marekani ni "a ride". Kwa wenye ndugu huko au wanaojiandaa kwenda, jozi inayostahili uangalifu ni "pavement": Uingereza ni njia ya waenda kwa miguu pembeni, Marekani ni ile lami yenyewe magari yanapopita. Marekani pa kutembea panaitwa "sidewalk".

Hatua ya 5: Muda na foleni

"Natumia dakika hamsini kufika kazini" ikibebwa ilivyo inatoa "I use fifty minutes", na hakuna Mwingereza anayesema hivyo. Kwa Kiingereza safari ndiyo inayochukua muda, si wewe unayeutumia: "It takes me fifty minutes to get to work." Swali lake ni "How long does it take you?" Jifunze "It takes me" kwa moyo, uwe unabadilisha namba tu. Saa moja ya muda ni "an hour", saa moja na nusu ni "an hour and a half". Kwa Kiswahili "saa moja" ni muda na ni saa ya ukutani pia, kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo jua unasema ipi: "an hour" au "seven o'clock".

Foleni ni neno moja kwetu, mawili kwao. Foleni ya watu pale Feri ni "queue", Marekani "line". Foleni ya magari ni "traffic jam", na mara nyingi "traffic" peke yake inatosha. "Traffic" haina wingi. Hakuna "traffics" wala "many traffic". Sema "There's a lot of traffic", "The traffic is bad on Mondays", "I got stuck in traffic". Mtu wetu akiziweka pamoja: "The crossing only takes a few minutes, but the queue can be long."

"Kuwahi" halina neno moja linalolibeba lote. Kuwahi pantoni ni "catch the ferry". Kulikosa ni "miss the ferry". Kuwahi kazini, yaani kufika kwa wakati, ni "be on time". Kufika kabla ya wakati ni "be early". "Nawahi kutoka" ni "I leave early".

Hatua ya 6: Siku iliyoharibika

Hapa ndipo Kiingereza cha usafiri kinapotumika kweli, kwa sababu hakuna anayempigia bosi simu kumweleza kwamba basi limefika salama. Hamia wakati uliopita na ushike vitenzi hivi.

Gari limeharibika: "The bus broke down." Tunasema sana "the car got spoiled", lakini kinachoharibika kwa "spoil" ni maziwa. Limepata pancha: "We had a puncture", Marekani "a flat tire". Limeishiwa mafuta: "We ran out of petrol", Marekani "gas". Lilijaa: "The bus was packed." Nilisimama njia nzima: "I had to stand all the way." Nimepitilizwa kituo: "I missed my stop." Sentensi hiyo ya mwisho inaonekana kama unajilaumu hata kama konda ndiye aliyesahau. Ukitaka kumtaja: "The conductor forgot to tell me."

Ujumbe kwa bosi usiwe mrefu. Taja sababu, taja saa utakayofika, basi: "Good morning. I'm sorry, I'm going to be late. The ferry is delayed. I'll be there by half past eight." "By" hapo ni "kabla au ifikapo", ukisema "at" umejifunga dakika ileile.

Hatua ya 7: Isimulie yote, kisha utupe karatasi

Unganisha ulichokusanya. Mfano wa mtu wetu ni huu, usome kwa sauti:

"I live in Kigamboni and I work in Magomeni. I usually get up at half past four. I have a bath, get the children ready and have breakfast. I leave home at half past five. I take a bodaboda to the ferry, and it takes about ten minutes. The queue is sometimes long, so I like to be early. After the ferry, I take the rapid bus from Kivukoni and get off at Magomeni Mapipa. Then I walk to work. I start at half past seven. In the evening there's a lot of traffic, so I get home at about seven. I cook, wash the dishes and go to bed at ten."

Andika ya kwako kwa urefu huohuo, usizidishe. Isome mara kadhaa, ikunje karatasi, kisha jirekodi kwenye simu bila kuitazama. Ukijisikiliza, tafuta makosa matatu tu: "-s" iliyopotea, saa iliyobaki ya Kiswahili, na vokali uliyoibandika mwishoni mwa maneno. "Bus" isiwe "basi", "get" isiwe "geti". Makosa mengine yaache yasubiri.

Mahali pazuri pa mazoezi ni ndani ya usafiri wenyewe, kimoyomoyo. Umepanda: "I'm getting on." Umekwama: "We're stuck in traffic." Kituo kinakaribia: "I'm getting off at the next stop." Hapa wakati wa "-ing" unapata kazi, kwa sababu mambo yanatokea mbele yako.

Hatua ya 8: Swali la usaili

Kwenye usaili wa hoteli, duka kubwa au ofisi utaulizwa "Where do you live?", halafu "How will you get to work?" Si udadisi. Anayeuliza anataka kujua kama utachelewa. Kwa hiyo jibu la "by bodaboda and ferry and bus" peke yake linakuumiza, maana amesikia vyombo vitatu na akaona sababu tatu za kuchelewa. Malizia na muda na tahadhari yako: "I live in Kigamboni. I take the ferry and then the rapid bus. It takes me about an hour and a half, so I always leave home before six."

Swali linalofuata mara nyingi ni "And what if the ferry isn't running?" Mkazi wa Kigamboni ana bahati ya Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 upande wa Kurasini: "Then I go round by the bridge. It takes longer, so I leave earlier." Wewe nawe uwe na njia ya pili, na uifanyie mazoezi kama ya kwanza. Usipolisikia swali vizuri, usikisie. Sema "Sorry, could you say that again, please?" na usubiri arudie.